Naombeni ushauri: siku moja Kamakura, mahekalu, kupanda mlima na shirasu. Jumapili hii

Chumbageni_Boy: Wakuu habari za jioni. Nipo Tokyo kwa mafunzo mafupi, kesho Ijumaa tunayamaliza, nimebakiwa na Jumapili moja tu ya kutembea. Nimechagua Kamakura, mji wa pwani karibu na Tokyo. Natoka Tokyo saa nne asubuhi, nashukia stesheni ya Kita-Kamakura, naingia mahekalu ya Engaku-ji na Kencho-ji, napanda njia ya mlimani ya Tenen mpaka hekalu la Zuisen-ji kuona maua ya ume (plamu), narudi kwa basi, naenda kwenye sanamu ya Buddha Mkubwa, hekalu la Hase-dera, namalizia kisiwa cha Enoshima jua linapozama. Chakula ni bakuli la wali na shirasu (dagaa wachanga) mbichi kama nilizokula wiki iliyopita. Je, siku itatosha? Nimechanganyikiwa kweli, naombeni majibu ya maana.

MamaPilau: Shirasu sawa, ila ukiwa Kamakura usiache kenchin-jiru, supu ambayo asili yake inatajwa kuwa Kencho-ji penyewe. Figili nyeupe, karoti, mzizi wa gobo, majimbi na konnyaku (jeli ya kiazi) hukaangwa kwanza kwa mafuta ya ufuta, tofu inavunjwavunjwa kwa mkono, ndipo maji yanaingia. Ya kitawa haina nyama wala samaki. Ladha inatokana na mwani wa kombu na uyoga mkavu wa shiitake. Migahawani wengine hutia mchuzi wa samaki mkavu, na kwenye viungo mara nyingi kuna sake au mirin, vyote vina kileo. Kama wewe ni Muislamu uliza kabla hujakaa. Mwambie mhudumu "buta nashi, osake nashi", yaani bila nguruwe, bila pombe.

Ustaadh_Mdogo: Mimi swali langu ni lingine. Mtu wa dini yake anatafuta nini kwenye masanamu siku nzima? Vijana tujihadhari, picha moja tu inazua maneno nyumbani.

Ukwaju_Mkavu: Ustaadh, anaingia kama mgeni. Halazimishwi kuinama, kuwasha ubani wala kunawa kwenye birika. Anachodaiwa ni adabu: viatu anavua penye ubao ulioinuliwa, sauti anashusha, na pale Hase-dera ndani ya ukumbi wa sanamu ya Kannon, wa huruma katika Ubuddha, kamera inabaki mfukoni, hairuhusiwi. Ile Kannon ni ya mbao, ina vichwa 11 na kimo cha zaidi ya mita 9. Aione kwa macho.

Bwana_Ratiba: Mleta uzi, nakujibu ulichouliza: haitoshi. Saa nne umeshachelewa. Kutoka Tokyo kwa treni ya laini ya Yokosuka ni karibu saa nzima, kwa hiyo unaanza saa tano, pamoja na umati wote wa Jumapili. Tenen peke yake inakula saa moja na nusu mpaka mbili. Kilele chake, Ohirayama, ni mita 159 tu na watu wanakidharau, lakini njia ni udongo wa mfinyanzi, mizizi na mawe yaliyolika. Mvua ikinyesha Jumamosi, Jumapili unateleza kila hatua. Tena inakutoa Zuisen-ji, mashariki ya mji, wakati Buddha yuko magharibi. Unavuka mji mzima kwa basi kwenye foleni. Kingine, hujasema jioni unalala wapi. Kwa nini vyote siku moja?

Chumbageni_Boy: Asante mkuu. Jioni nina safari kidogo, ndiyo maana nataka nimalize kila kitu. Mlima sitaki kuuacha, viatu nimeshanunua.

Bwana_Ratiba: "Safari kidogo" ya wapi? Hapo ndipo ratiba yote inapoegemea.

Chumbageni_Boy: Sawa. Nina ndege Narita saa nne na nusu usiku, napitia Ghuba kwenda Dar. Nina sanduku la kilo 23. Chumba nakikabidhi Jumapili asubuhi. Lakini nimeshafikiria: sanduku naenda nalo, naliweka kwenye kabati za mizigo za kulipia kwa sarafu stesheni ya Kamakura. Tiketi haibadilishwi, na Enoshima nimeahidi watu picha. Msinikatishe tamaa, nishaamua.

MamaPilau: Subhanallah! Na ulikuwa unataka kuangalia jua likizama?

Bwana_Ratiba: Hakuna wa kukukatisha tamaa, tunataka upande ndege. Kabati kubwa pale Kamakura ni chache na Jumapili hujaa mapema. Ukizikosa, utaburuta kilo 23 kwenye ngazi za hekalu. Ukiliacha stesheni ya Tokyo nako kuna kabati kila kona, ukisahau ya kwako ilikuwa upande gani unazunguka huku treni inaondoka. Na jukwaa la Yokosuka liko chini kabisa ya ardhi.

Dawa yake ni takuhaibin, huduma ya kusafirisha mizigo. Kesho Ijumaa asubuhi, kabla ya mafunzo, peleka sanduku kwenye duka la saa 24 linalopokea mizigo au mwambie wa mapokezi unapolala. Andika Narita, jengo la ndege yako, tarehe na saa ya kuruka. Kwa uwanja wa ndege wanataka siku mbili kabla, kwa hiyo kesho jioni inaweza kuwa umechelewa. Wanapima urefu, upana na kimo kwa pamoja, halafu uzito. Unalichukua kaunta yao kwenye ukumbi wa kuondokea. Paspoti, dawa na betri ya akiba ya simu visiingie humo. Nguo za Jumamosi na Jumapili bakiza.

KijitiChaNne: Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Tuko Februari. Uvuvi wa shirasu ghuba ya Sagami unafungwa kuanzia Januari 1 mpaka Machi 10. Huyu anasema alikula mbichi wiki iliyopita. Wapi? Na nani anapanga siku nzima ya kutembea bila kutaja ndege mpaka abanwe? Anatunga, ninyi mnamwandikia ratiba.

Ustaadh_Mdogo: Nilihisi mapema.

Chumbageni_Boy: Situngi jamani. Ndege sikuitaja kwa sababu nilijua mtasema nisiende. Shirasu nilikula Tokyo, mgahawa karibu na tunapofundishwa. Mhudumu aliniletea, nikala, tamu. Mbichi nimeiona kwenye video.

Ukwaju_Mkavu: Zilikuwa na rangi gani?

Chumbageni_Boy: Nyeupe, laini kama pamba, zina chumvi kidogo, na tangawizi juu.

Ukwaju_Mkavu: Basi zilikuwa kama-age, zimechemshwa kwa maji ya chumvi. Mbichi ni angavu kama kioo, wali unauona chini yake, kinachoonekana ni vijicho vyeusi tu, na zina uchungu kwa mbali. KijitiChaNne yuko sahihi kuhusu msimu, ila hilo halimfanyi mwenzetu mwongo. Mbichi huoza haraka mno, ndiyo maana huliwa pwani siku ile ile ya kuvuliwa. Ukiona bango la mbichi Februari, ujue zilitoka kwenye barafu. Agiza kama-age na roho yako itulie.

KijitiChaNne: Nimekubali kwenye rangi. Ndege bado inanisumbua, lakini endeleeni.

Bwana_Ratiba: Awe anatunga au hatungi, atakuja mwingine mwenye swali hili hili, acha nimalize.

Panda treni saa moja asubuhi. Ukipitia Shinjuku, hakikisha inaenda Zushi; ya Odawara inakata njia nyingine, ukiipanda kwa bahati mbaya shuka Ofuna ubadilishe. Kita-Kamakura ukitoka tu, Engaku-ji ni hapo hapo. Ilianzishwa 1282, na reli imekata uwanja wake. Panda ngazi mpaka kwenye kengele kubwa ya mwaka 1301, watu wengi huikosa kwa uvivu. Ume nazo ziko humo, Zuisen-ji haikuhusu tena.

Kencho-ji iruke. Inaniuma kuandika hivyo, maana ni ya 1253 na ndiyo ya kwanza kwa hadhi kati ya mahekalu matano ya Zen ya mji ule, lakini iko upande usio wako. Mlima wako uwe njia ya Daibutsu (ndiye Buddha Mkubwa): inaanzia kando ya hekalu la Jochi-ji, kilomita 3 hivi, saa moja mpaka moja na nusu. Mwanzo ni mizizi na ngazi za mwamba, katikati bustani ya Genjiyama, pembeni yake madhabahu ya Zeniarai Benten, unaingia kwa handaki la mwamba na watu wanaosha sarafu kwenye chemchemi. Inakushusha karibu kabisa na Buddha. Asubuhi angalia tangazo la jiji, vimbunga na mvua huangusha miti na vipande hufungwa.

Buddha ni yen 300. Lipa nyongeza ndogo uingie tumboni: utaona jinsi shaba ilivyomiminwa tabaka kwa tabaka tangu 1252, na shingo ilivyoimarishwa kwa ndani. Hase-dera ni dakika chache kwa miguu. Saa saba umeshakula.

MamaPilau: Ale ndani ya mgahawa! Ufukweni Yuigahama mwewe wanaoitwa tombi wanatokea nyuma, wanapokonya mkate mkononi na kucha zinachana vidole. Na mtaa wa Komachi jiji limeweka sheria tangu 2019 ya kuomba watu wasile wakitembea kwenye umati. Vyombo vya taka hakuna, beba mfuko wako.

Chumbageni_Boy: Sanduku nimekubali, nalipeleka kesho asubuhi. Njia ya Daibutsu nimekubali. Enoshima bado sijaiacha.

Bwana_Ratiba: Jua linazama saa kumi na moja na nusu. Kutoka Kamakura mpaka Narita ni kama saa mbili na nusu kwa treni ya moja kwa moja, na si kila treni inafika, nyingi huishia Chiba au Tsudanuma. Panda ya saa kumi na nusu iliyoandikwa Narita Airport, uwe kaunta ya mizigo saa moja usiku. Jua lile si lako safari hii. Unachoweza ni kutoka Hase saa nane kwa Enoden, treni ndogo ya pwani, dakika 20 hivi, upige picha darajani, kisha saa kumi kasoro robo uwe umeshapanda Enoden ya Fujisawa. Toka hapo treni ya JR mpaka Ofuna ni dakika chache, na treni ile ile ya Narita unaidaka Ofuna. Foleni ya Enoden pale Hase ikikuzidi nusu saa, achana na Enoshima, tembea kwa miguu mpaka stesheni ya Kamakura. Dakika 25.

Chumbageni_Boy: Ofuna nabadilisha jukwaa?

Bwana_Ratiba: Ndiyo. Tafuta alama ya laini ya Yokosuka, upande wa Tokyo na Chiba. Fika dakika 10 kabla.