Naomba ushauri: Katiba nianzie wapi?

Ndugu zangu, niko Arua, Uganda. Vijana wa steji ya boda wameniomba niwafundishe Katiba yetu ya 1995 kwa Kiswahili. Nilianza na ibara ya 1, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, nikaingia ya 2: Katiba ndiyo sheria kuu. Mmoja akanikata: “Mbona ukomo wa mihula ulifutwa 2005, na ukomo wa umri wa rais 2017?” Nilibaki nakoroga chai tu. Baadaye nikasoma ibara ya 260: kubadili ibara ya 1 na ya 2 lazima kura ya maoni, si theluthi mbili za wabunge pekee. Je, nianze na sura ya 18, ya marekebisho, au nitawachanganya? Na ibara kama hizo, zilizolindwa zisibadilishwe kirahisi (“entrenched”), mnaziitaje kwa Kiswahili chepesi?