Tikal au Chichen Itza? Nina siku mbili tu

Mzee wa Safari
Wakuu habari zenu. Mimi na waifu tuko Texas, mwezi wa pili tunataka kwenda kuona magofu ya Wamaya, wale wenyeji wa Meksiko na Guatemala waliojenga mapiramidi zamani, kitu nimekitamani tangu shule. Wengine wananiambia Chichen Itza kule Meksiko, wengine Tikal, Guatemala. Siku ni mbili tu, halafu goti langu la kushoto sio zima. Wapi bado wanaruhusu kupanda juu? Aliyefika naomba ukweli.

Dada Mwanza
Kaka, ile piramidi kubwa ya Chichen Itza kupanda hakuna, walishafunga miaka mingi, unaiangalia ukiwa chini. Ni nzuri sana lakini, kila upande ngazi 91, pande nne, ongeza ile ya juu kabisa unapata 365, yaani mwaka mzima umejengwa kwa mawe. Ila watu wanajaa mno, uwahi geti likifunguliwa tu.

Mtu wa Porini
Nenda Tikal mkuu nakusihi. Mimi nililala humo humo hifadhini, saa kumi alfajiri tukatoka na mwongozaji na tochi, njia yenyewe msitu mtupu. Hekalu namba 4 lina kama mita 65, unapanda kwa ngazi za mbao walizoweka pembeni. Tukakaa juu, ukungu umefunika kila kitu, hamna anayeongea, mara wale kima wanaonguruma wakaanza, wallahi ungesema simba wako chini ya miguu yako, mama mmoja akanishika mkono na wala hanijui. Jua hatukuliona kabisa. Lakini ukungu ulivyoanza kupungua vichwa vya mahekalu vikatokeza kimoja kimoja juu ya miti, mpaka leo nikifumba macho naviona.

Mzee wa Safari
Dah. Na goti?

Mtu wa Porini
Ngazi ni nyingi sikufichi, ila zina pa kushikia, panda taratibu. Likigoma usilazimishe, baki Uwanja Mkuu, pale ni tambarare na ndipo lilipo Hekalu namba 1, halipandwi, chini yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, yule aliyewapiga Calakmul, mji mwingine wa Wamaya uliokuwa hasimu wao, mwaka 695 baada ya Tikal kuonewa miaka na miaka. Lala mji wa Flores kama hifadhini pamejaa, ni kama saa moja na nusu kwa gari. Maji na dawa ya mbu usisahau.

Dada Mwanza
Naomba niongeze moja, ukifika usiseme Wamaya walipotea. Dereva wetu kule Yucatan aliongea Kimaya kwenye simu njia nzima, nikamuuliza hivi Wamaya waliishia wapi, akanyamaza kidogo akasema nilikuwa naongea na mama yangu. Niliona aibu sana.

Mzee wa Safari
Nimemsomea waifu yote, kakata shauri. Tikal, siku zote mbili huko huko.