ALIYENIUZIA MARUMARU AMEHARIBU MEZA YANGU YA JIKONI, SASA ANASEMA NI UCHAFU WETU

Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaojenga, someni hii kabla hamjatoa dola hata moja kwa mtu wa kuwawekea marumaru jikoni. Nasema jiwe lenyewe, si vigae.

Pesa ya hiyo meza niliiweka kidogo kidogo kwa miaka minne, nikiuza vitenge. Mita tatu na nusu, jeupe, lenye mishipa ya kijivu. Muuzaji simtaji, anajijua. Aliniapia mambo mawili: kwamba jiwe hili ni gumu kama granaiti, na kwamba halitaki matunzo yoyote. Yote mawili ni uongo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kile cha 1 hadi 10, marumaru iko karibu na 3, granaiti iko 6 hadi 7. Kisu cha jikoni kinaichora.

Siku ya kuweka, fundi wake aliacha simenti imeganda juu ya jiwe, karibu na sinki. Akatoa chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, ndani yake asidi, ile ya kusafishia choo na kutolea simenti kwenye vigae. Akalowesha kitambaa, akapangusa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Jiwe lilichemka. Povu dogo jeupe, sauti ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na harufu ya kukata pua. Nikapiga kelele. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mama, ni buchafu njo inatoka." Ni jiwe langu lilikuwa linatoka! Lilipokauka, kila alipopitisha kitambaa mng'ao ulikuwa umekufa. Ukipitisha kidole unahisi chaki.

Nikampigia muuzaji. Sikieni ushauri wa mtu anayeuza mawe: "Kamata ndimu, changa na chumvi, sugua ngufu, itatoka."

Nikamwamini, kwa sababu ndiye mwenye jiwe. Asubuhi mbili tulisugua, mimi na msichana anayenisaidia kazi. Nusu ndimu kila mmoja. Madoa hayakutoka, yakaongezeka. Mahali tulipoweka nusu ndimu tukaenda kufungua mlango, palibaki duara kamili, la ukubwa ule ule wa ndimu.

Muuzaji alipokuja kutazama, hakuinama hata kugusa. Alimwangalia yule msichana, akasema hawa watoto hawajui vitu vya bei, wanamwaga kila kitu. Na mimi, hasira zikiwa zimenijaa, nikamgombeza mtoto wa watu mbele ya mgeni. Alilia. Hilo linaniuma kuliko dola. Nimeshamwomba msamaha, lakini yule bwana hajamwomba.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayechonga mawe ya makaburi. Alizima taa ya jikoni, akawasha tochi ya simu, akailaza pembeni ya jiwe, mwanga ukapita juu juu. Kila alama ikaonekana kama shimo la chini. Akaniambia: mama, hili si doa, hiki ni kidonda. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, unaweza kukivuta kitoke. Kidonda ni jiwe lililoliwa. Hakuna sabuni ya kurudisha kilicholiwa.

Na sisi ndio watu wa kudanganywa hivyo? Mji huu unaishi kwa asidi! Malori ya asidi ya salfuriki yanapanda kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenda kuyeyusha shaba huko juu, tunapishana nayo barabarani. Malakiti yetu, lile jiwe la kijani wanalochonga mapambo, ni kaboneti ya shaba, ndiyo maana asidi inalila. Marumaru ni kaboneti ya kalisi. Ni ndugu. Ndimu, siki, nyanya, divai, soda, vyote vina asidi na vyote vinalila, tofauti ni mwendo tu. Mtu anayeuza jiwe Lubumbashi hana haki ya kutolijua hilo.

Basi nawaandikia alichopaswa kuniambia yeye, maana nimelipa kukijua. Kila siku ni maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni laini ya vyombo, kitambaa laini, suuza, halafu kausha. Kukausha msikuache. Sabuni za unga zenye mchanga, waya wa kusugulia sufuria, jiki, siki, vyote mbali. Nyanya ikimwagika usingoje bukari, ugali wetu, iive, futa hapo hapo, na ndimu ikateni juu ya ubao.

Mafuta ya ngazi, haya mekundu ya mawese, ndiyo yalinitisha zaidi, kwenye jiwe jeupe yanaacha doa la machungwa. Hayo ni doa la kweli, na yanatoka. Mzee alichukua bikabonati, ile ile tunayotilia sombe, majani ya muhogo, ilainike, akaikoroga na maji kidogo hadi ikawa nzito kama mtindi, akapaka, akafunika na nailoni na kubandika kingo. Siku nzima. Kisha akafunua, akaacha ikauke, akaikwangua kwa mwiko wa mti. Mara ya kwanza doa lilipungua, mara ya pili likaisha.

Tena jiwe langu halikupakwa dawa ya kuziba vitundu, ingawa kwenye bili nimelipia! Jaribuni kwenu: weka tone la maji, ngoja robo saa. Chini ya tone pakiwa na rangi nzito, jiwe linanyonya. Ila msidanganywe tena hapo, dawa hiyo inachelewesha mafuta na kahawa kuingia, haizuii ndimu kula.

Vidonda vyangu vinataka kusuguliwa upya kwa misasa ya almasi, kuanzia namba 400 hadi 3000, meza yote, la sivyo patabaki mabaka. Muuzaji nimempigia mara sita. Mara ya mwisho alisema garantii haihusu uchafu.

Kama kuna mwingine aliyewekewa jiwe na mtu wa namna hii, mwenye bili na picha, aandike hapa chini tuende pamoja. Jumamosi mzee anaanza kazi. Risiti yake nitaipeleka dukani mimi mwenyewe, na ile chupa isiyo na lebo nitaibeba pia. Fundi aliisahau chini ya sinki langu, ingali nusu.