Nchi iliyoanzishwa na walowezi ina haki gani ya kumfungia mtu mlango?

Baba Riziki, Toowoomba
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nilitolewa kambi ya Nyarugusu nikaletwa Australia kwa viza ya wakimbizi, na mwezi ujao nakula kiapo cha uraia. Mtihani nimeshaupita: maswali 20, upate asilimia 75, na yale matano ya maadili ya taifa usikose hata moja. Sina kinyongo na nchi hii. Ila kuna jambo limenikaa rohoni. Mwaka 1788 Waingereza walishuka Sydney na merikebu 11 bila kumpigia mtu hodi. Wakasema ardhi haina mwenyewe, na neno hilo likasimama kisheria hadi 1992, kesi ya Eddie Mabo, mwenyeji asilia wa kisiwa cha Mer, ilipoliangusha. Serikali hiyohiyo tangu Julai 2013 inasema anayekuja kwa mashua bila viza hatapewa makazi hapa maisha yake yote, apelekwe Nauru, na zamani hata kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Mimi nilipanda ndege na karatasi mkononi, mwenzangu alipanda mashua, tulichokuwa tunakikimbia ni kilekile. Naomba tujadili kwa hoja: aliyeingia bila ruhusa anapata wapi haki ya kuwadai wengine ruhusa?

Mzalendo Halisi, Dodoma
Ndugu yangu, hoja inagusa moyo lakini haisimami. Hakuna nchi iliyopatikana kwa maombi. Ukifuta uhalali wa Australia, futa na Marekani, Kanada, New Zealand na Brazili, kisha utuambie nani atabaki kugonga mihuri mipakani. Sheria ya uhamiaji inatungwa na watu wanaoishi pale leo na kulipa kodi leo. Na niseme wazi: mtu amepokewa, amepewa nyumba na matibabu, halafu anamhoji aliyempokea. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo mwenyeji ashtakiwe.

Baba Riziki, Toowoomba
Nyumba sikupewa. Napanga, na kodi ya nyumba inalipwa kila wiki mbili. Nafanya kazi machinjioni, zamu inaanza saa kumi alfajiri, kisu mkononi na baridi la chumba cha nyama mpaka vidole havikunjiki. Kodi ya serikali inakatwa kabla sijauona mshahara. Usiniite ombaomba wakati hujui ninavyoamka.

Mzalendo Halisi, Dodoma
Neno ombaomba nimelitumia wapi? Nionyeshe.

Wakili wa Mtaani, Nairobi
Tuache mshahara wa mtu. Mzalendo anazungumza kana kwamba sheria ya uhamiaji ilikuja baadaye, walowezi walipokwisha tulia. Siyo. Australia iliungana kuwa shirikisho mwaka 1901, na mwaka huohuo bunge lake jipya likapitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Afisa bandarini alikuwa na uwezo wa kukusomea maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya anayoitaka yeye, uandike. Ukishindwa, rudi ulikotoka. Mtego huo waliuazima kwetu Afrika, koloni la Natal, ambako uliwekwa 1897 kuwazuia Wahindi. Kulikuwa na mwandishi mmoja wa Prague, Egon Kisch, mpinga ufashisti, alifika 1934 akijua lugha nyingi za Ulaya. Wakampa mtihani wa Kigaeli cha Uskoti! Mahakama Kuu ikaja kusema hiyo siyo lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Mtihani huo umefutwa 1958, na sera ya kutaka Australia ya weupe imezikwa 1973. Kwa hiyo kunyang'anya ardhi na kuchuja wageni vilikuwa kazi moja, mikono ileile.

Kubwa kuliko hilo ni Februari 2020. Kesi ya Love na Thoms. Wanaume wawili, mmoja kazaliwa Papua New Guinea, mwingine New Zealand, kila mmoja ana mzazi wa damu ya wenyeji asilia, ila uraia wa Australia hawakuwahi kuuchukua. Wakafungwa jela kwa makosa ya jinai, viza zikafutwa, serikali ikataka kuwafukuza. Mahakama Kuu, majaji 4 kwa 3, ikasema mwenyeji asilia hawezi kuwa mgeni katika ardhi ile, hata kama si raia. Yaani sheria ya uhamiaji ina mahali inapokoma. Mzalendo, hapo ndipo nataka jibu lako.

Mzalendo Halisi, Dodoma
Jibu langu ni kwamba umeleta wahalifu wawili kuwa mashahidi. Tena ngoja niwaambie jambo ambalo wengi hapa hamtaki kulisikia. Sisi Wabantu nasi ni walowezi. Tulipofika Tanzania tuliwakuta Wahadzabe na Wasandawe. Viza tuliomba kwa nani?

Bint Pemba
Hapo umevuka mpaka. Unamfananisha babu yangu aliyekuja na jembe na mtu aliyeshuka na mizinga, bendera na hati ya mfalme? Wabantu hawakuja wakatunga sheria kwamba aliyekuwepo si mtu. Tulioana, tukachanganya damu, tukaazimana maneno. Wenyeji wa Australia hata kura hawakuwa nayo mpaka 1967, kama sikosei.

Wakili wa Mtaani, Nairobi
Kura za bunge la shirikisho ni 1962, dada. Ya 1967 ni kura ya maoni iliyoruhusu wahesabiwe kwenye hesabu ya watu wa nchi na bunge la shirikisho kuwatungia sheria.

Bint Pemba
Miaka mitano haibadilishi dhuluma.

Dada wa Perth
Nisaidieni kuliweka hili. Oktoba 2023 hapa Australia kura ya maoni iliuliza kama wenyeji asilia wapewe chombo chao cha kulishauri bunge, kiandikwe ndani ya katiba. Mimi ni raia, nilipiga Ndiyo. Karibu asilimia 60 ya nchi ilisema Hapana. Kinachoniuma ni Waswahili wenzangu kituoni pale. Mmoja aliniambia, "Dada, hayo ni ya wazungu na wenyeji wao, sisi tumekuja kutafuta." Nimeishi nalo neno hilo. Baba Riziki, mwezi ujao ukishika kile cheti, ardhi ni ileile na mwenyewe ni yuleyule. Umeuliza haki ya walowezi bila kutuambia wewe utakuwa upande gani.

Baba Riziki, Toowoomba
Dada, nafasi ya kuchagua upande sikuwa nayo. Nilikaa kambini, jina langu likaitwa, nchi nikaambiwa. Aliyeletwa akikimbia risasi si sawa na aliyekuja kuteka. Kiapo nitakula, na siku watakapouliza tena nitapiga Ndiyo, mbele ya watu.

Msitu wa Mau, Narok
Nimesoma nikanyamaza, lakini Bint Pemba amenichokoza. Tulichanganya damu, eti. Mimi ni Mogiek. Msitu wa Mau tulikuwemo kabla ya hao wote mnaowaita wenyeji wa Kenya. Bibi yangu alirithi mizinga ya nyuki ya magogo iliyotundikwa juu ya miti, na kila ukoo ulijua miti yake, korongo hadi korongo. Mkoloni akaita msitu wa taifa, akatutoa. Uhuru ulipokuja, Waafrika wenzetu wakaendelea pale alipoishia. Tulienda Mahakama ya Afrika kule Arusha, na Mei 2017 tukashinda: ikatutambua kuwa wenyeji asilia na ikasema haki zetu zimevunjwa. Mwishoni mwa 2023 watu wakatimuliwa tena. Nyumba ya shangazi yangu ilibomolewa mvua ikinyesha, na unga wake ukalowa kwenye gunia mbele ya macho yake. Usinieleze habari za jembe.

Mzalendo Halisi, Dodoma
Asante sana Msitu. Ndicho nilichokuwa nasema.

Msitu wa Mau, Narok
Hujakisema hata kidogo! Wewe umetumia jina letu kumnyamazisha mwenzako. Unasema kila mtu aliiba, kwa hiyo aliyeibiwa anyamaze. Mimi nasema kila aliyeiba arudishe, awe Mwingereza au jirani yangu.

Mama Furaha, Adelaide
Mmefika mahali pangu sasa. Mimi ni Mnyamulenge, Mtutsi wa Kivu, Kongo ya mashariki. Sheria ya Zaire ya 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 ikafutwa. Sasa ukatakiwa uonyeshe kwamba kabila la wazee wako lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani alikuwa na mpaka 1885? Ni mwaka wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji! Mwaka ambao mzungu alijipa nchi ndio Mwafrika anautumia kumpima Mwafrika. Baba yangu alikwenda kuomba karatasi ya mtoto kusoma, karani akamwambia arudi kwao. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, hakuwahi kulala nje ya milima ile.

Mwana wa Uvira
Mama, kwa heshima yako yote, usitufungulie vita ya Kivu hapa. Mimi nimezika ndugu. Na sheria ya 2004 ilishatambua makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru. Mbona hiyo umeiruka?

Mama Furaha, Adelaide
Sijairuka, mwanangu. Pole kwa ndugu zako, nami nimezika wangu. Sheria ilitoa, jirani hakutoa. Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana kutoka mbali hivi.

Njiwa wa Kampala
Uganda nasi tuna tarehe yetu. Katiba ya 1995 inaorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Mpaka wenyewe uliwekwa na Mwingereza. Jamii isiyo kwenye orodha inahangaika na kitambulisho hata kama babu zao wamezikwa papo hapo. Na 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90, watu wakashangilia barabarani, wakiwemo wa nyumbani kwetu. Kila sheria ya uraia inachagua siku, kisha inamwita mgeni yeyote aliyekuja baada ya siku hiyo. Anayeichagua huwa ni yule ambaye ameshaingia.

Mzalendo Halisi, Dodoma
Basi tupe tarehe iliyo sahihi, Njiwa. Maana bila tarehe hakuna nchi, na bila nchi hata hao Wahadzabe wa Yaeda wasingepewa hati ya kimila ya ardhi yao 2011. Walipewa na serikali hiihii ya Wabantu mnaotaka kuwaaibisha.

Bint Pemba
Walipewa kilichobaki. Sema na hilo.

Baba Riziki, Toowoomba
Jamani, niliuliza kuhusu walio kwenye mashua.

Wakili wa Mtaani, Nairobi
Na kesi ya 2020 haijajibiwa na mtu.

Njiwa wa Kampala
Wakili, imejibiwa na Msitu kuliko unavyodhani. Majaji wale walisema kuna watu ambao sheria ya wageni haiwagusi. Kenya na Uganda nazo ziseme hivyo kwa watu wake.

Mzalendo Halisi, Dodoma
Sawa. Tuseme Waogiek wameshinda kila kitu. Mamia ya maelfu walioko pembezoni mwa Mau mtawapeleka wapi? Mtawafukuza kama Amin?

Msitu wa Mau, Narok
Nani alisema kufukuza? Hilo ndilo neno mnalokimbilia kila mara tukidai chetu. Hatukuomba Mkipsigis wala Mkikuyu atolewe alikozaliwa. Tuliomba hati ya ardhi kwa jina la jamii nzima, na tuulizwe kabla ya mtu kukata, kupanda au kuuza kitu ndani ya msitu. Juni 2022 mahakama iliamuru hivyo, pamoja na fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya. Wakili, wewe uko Nairobi, kesi za Australia unazijua hadi idadi ya majaji. Hati yetu iko kwenye meza ya nani?