Miungu walimdanganya mbwa mwitu. Nimjibu nini mwanangu?

Mama Idrisa (Aarhus)

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, napika katika nyumba ya kulea wazee huku Denmark. Chai iko mbele yangu inapoa na usingizi hauji kwa sababu ya swali la mtoto.

Mwanangu Idrisa ana miaka tisa. Shuleni wanasomeshwa hadithi za miungu wa kale wa huku Kaskazini, kina Odin na Thor, waliokuwa wakiabudiwa kabla Ukristo haujaingia. Juzi alirudi na picha aliyoichora ya Fenrir, mbwa mwitu mkubwa (si yule mwenye mabaka wa mbuga za kwetu, huyu ni wa kijivu, wa nchi za theluji), amefungwa miguu kwa utepe mwembamba. Akaniuliza, "Mama, hapa aliyekosa ni nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona sina jibu.

Kwa asiyeijua, hadithi iko hivi. Loki, mjanja wao, alizaa na jitu wa kike aitwaye Angrboda watoto watatu: nyoka, binti aitwaye Hel, na huyu mbwa mwitu. Utabiri ukasema watoto hawa wataleta balaa. Odin akamtupa nyoka baharini, akampeleka Hel chini kwa wafu. Mbwa mwitu wakamlea nyumbani, Asgard. Akakua, akakua, mpaka ikawa Tyr, mmoja wa miungu hao, peke yake ndiye anayethubutu kumpelekea chakula.

Wakaleta mnyororo, wakamwambia ajaribu nguvu zake. Akaukata. Wakaleta wa pili, mzito kuliko wa kwanza, akaukata pia. Ndipo wakawaagiza mbilikimo, wale wahunzi wafupi wa hadithi hizi, wasuke kamba kwa vitu sita: mlio wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Idrisa alinitajia vyote sita bila kukosea, mtoto ambaye kila siku hukumbushwa mfuko wake wa vitabu. Kamba ikatoka laini kama utepe wa hariri.

Mbwa mwitu akaitilia shaka. Alisema kama imetengenezwa kwa hila, hataki iguse miguu yake. Lakini asije akaitwa mwoga, basi mmoja wao aweke mkono kinywani mwake uwe rehani kwamba wanafanya kwa nia njema. Wakatazamana. Hakuna aliyekubali ila Tyr, akautoa mkono wake wa kulia. Mbwa mwitu akafungwa, akajikukurusha, na kila alivyovuta ndivyo kamba ilivyozidi kukaza. Miungu wote wakacheka isipokuwa Tyr. Yeye mkono ulikwenda.

Sasa niambieni. Mbwa mwitu huyu alikuwa hajamgusa mtu. Waliomlea ndio waliomhadaa, na aliyekuwa akimlisha ndiye aliyeweka mkono huku akijua moyoni kwamba ni uongo. Mimi nimelelewa Tanga na bibi ambaye kwa mengi alikuwa mpole, ila ukimvunjia amana hata ya sindano hakusemeshi wiki nzima. Kwa malezi hayo, naona mbwa mwitu ndiye mwenye haki. Lakini mwalimu wa Idrisa amewaambia Tyr ni shujaa. Je, watu wa kale waliosimulia haya waliona miungu wao ni wabaya? Au mimi ndiye nisiyeielewa hadithi?

---

Msoma Saga (Dar es Salaam)

Pole na zamu, dada. Umeielewa sawasawa. Nakuongezea kipande ambacho mara nyingi watoto hawasomewi. Snorri Sturluson, Mwaisilandi aliyeiandika hadithi hii miaka ya 1220, anaweka swali mwishoni: kama walijua atakuja kuwadhuru, mbona hawakumuua tu? Jibu lake ni kwamba waliheshimu mahali pao patakatifu, hawakutaka pachafuke kwa damu ya mbwa mwitu, ingawa utabiri ulisema ndiye atakayemmaliza Odin. Mimi kila nikifika hapo huweka kitabu chini kidogo. Walichelea damu, hawakuchelea hila.

Na si mara moja. Hata ukuta wa Asgard una deni. Alikuja fundi asiyejulikana, akasema ataujenga kwa miezi kumi na minane, na ujira wake ni mungu wa kike Freyja, pamoja na jua na mwezi. Kwa shauri la Loki wakakubali, ila aumalize kwa msimu mmoja wa baridi tu, na msaidizi wake awe farasi wake peke yake. Walidhani hataweza. Zikabaki siku tatu kiangazi kiingie, na ukuta umebaki lango tu! Wakamgeukia Loki, wakamwambia atakufa asipotafuta njia. Loki akajigeuza farasi jike, akamvuta yule dume msituni, kazi ikalala. Fundi akapandwa na hasira, ikadhihirika kuwa ni jitu, wakamwita Thor, akampasua kichwa kwa nyundo. Kumbuka huyu fundi alikuwa ameapiwa usalama wake, tena mbele ya mashahidi. Shairi la kale la Völuspá halifichi, linasema viapo vilivunjwa. Na Loki katika ule ujike wake akazaa Sleipnir, farasi wa miguu minane, ambaye Odin humpanda mpaka leo ya hadithi. Faida ya uongo ule wakaitia zizini mwao.

Odin mwenyewe ndiye mgumu zaidi kumtetea. Aliiba kinywaji cha ushairi, ambacho anayekinywa huwa mshairi, kwa kulala usiku tatu na Gunnlöd, binti wa jitu Suttung aliyekuwa akikilinda, kisha akaruka katika umbo la tai akamwacha binti analia. Katika shairi la Hávamál kuna maneno haya, kwa tafsiri yangu: nadhani Odin aliapa kwa pete, ahadi zake ziaminiweje tena? Shairi hilo linasemwa kama maneno ya Odin mwenyewe. Anajihukumu kwa kinywa chake, na bado kinywaji anacho.

(Kwa kuwa uko Denmark: hati iliyotunza mashairi hayo, kitabu kidogo cha ngozi cha miaka ya 1270, ilikaa Copenhagen zaidi ya miaka 300, ikarudishwa Aisilandi mwaka 1971.)

Swali lako kama waliwaona miungu ni wabaya, naona jibu liko katika shairi jingine, lililotungwa kumsifu mfalme Eirik aliyeitwa Shoka la Damu, aliyeuawa mwaka 954. Odin anaulizwa kwa nini alimnyima ushindi mtu aliyemjua kuwa shujaa. Anajibu kwamba mbwa mwitu wa kijivu anayatazama makao ya miungu. Yaani anamuua kipenzi chake kwa sababu mashujaa wanaokufa vitani huenda kwake, naye anahitaji askari siku Fenrir atakapofunguka. Woga wa yule yule mbwa mwitu wa Idrisa ndio unaomfanya Odin awasaliti hata wanaomtumikia. Watu hawa waliishi na mungu ambaye walimwomba ushindi huku wakijua kuna siku atawageuka, na wakamtungia mashairi hivyo hivyo alivyo.

---

Abuu Salma (Unguja)

Waalaikum salaam, mama. Mimi nitasema kidogo. Kwetu Mungu ni mwadilifu, hana woga na hana haja, kwa hiyo neno "mungu" katika hadithi hizi hunitatiza tangu mwanzo. Hawa wanazeeka wasipokula matufaha ya Idunn, wanakufa, wanaogopa utabiri. Ningekuwa mimi, ningemweleza mtoto kwanza kwamba hawa ni kama wafalme wakubwa wa kale, ili asije akadhani uadilifu wa Mola unapimwa kwa mizani ya Odin. Baada ya hapo mwache aulize. Mtoto wa miaka tisa aliyemwonea huruma aliyefungwa kwa hila hajapotea njia, Allah amhifadhi.

---

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Nimesomesha hadithi simulizi miaka mingi, na mada hii imenifurahisha. Naomba nimtetee Mama Idrisa kwa kupitia Loki, maana watu wengi wa huku wakisikia "mjanja" wanamvalisha masikio ya Sungura, na hapo ndipo wanapopotea.

Mwanzoni wanafanana kweli. Loki alimnyoa Sif, mke wa Thor, nywele zote, kwa uchokozi tu. Alipobanwa akaenda kwa mbilikimo, wakatengeneza nywele za dhahabu, na mkuki wa Odin, na merikebu inayokunjika kama kitambaa. Kisha akaweka dau la kichwa chake na mbilikimo Brokk kwamba ndugu yake hawezi kufua vitu bora zaidi. Akajigeuza nzi ili amuume Brokk aliyekuwa akivuta mivukuto. Brokk akavumilia, akavumilia, mara ya mwisho damu ikamwingia machoni akaacha mkono sekunde moja kumfukuza nzi. Ndiyo maana nyundo ya Thor ina mpini mfupi. Loki akashindwa dau. Walipokuja kuchukua kichwa akasema, kichwa ni chenu, shingo sikuiahidi. Hapo kila Mswahili anamwona Abunuwasi na sufuria yake iliyozaa na kufa. Ila Abunuwasi huondoka na sufuria. Loki alishonwa midomo.

Tofauti kubwa ni mahali anapokaa. Sungura ni mdogo kati ya wakubwa, akimshinda Simba tunashangilia kwa sababu sisi pia ni wadogo. Loki yumo ndani ya nyumba. Katika shairi la Lokasenna anaingia karamuni kwa Ægir, jitu wa baharini, miungu wanamnyima kiti, naye anamkumbusha Odin kwamba zamani walichanganya damu zao. Wazee wetu walijua undugu wa kuchanjiana ni nini, haufutiki kwa ugomvi. Odin aliahidi hatakunywa pombe isipoletwa kwa wote wawili. Basi anaamuru apewe nafasi. Kisha Loki anamtukana kila mmoja aliyeketi, na ukisoma taratibu utaona mengi anayoyasema yametendeka. Anamwambia Odin mara nyingi umempa ushindi asiyestahili. Anamwambia Tyr kuhusu ule mkono.

Lakini sitaki mtu amgeuze kuwa msema kweli anayeonewa. Ndiye aliyeuweka mmea wa mlimbo mkononi mwa Höd, kipofu, akamwelekeza amtupie ndugu yake Balder, akamuua mtu aliyependwa kuliko wote. Mimi kifo cha Balder sijaweza kumsamehe Loki, na nimekisoma nikiwa kijana na sasa ni mzee. Na adhabu waliyompa nayo siwezi kuitetea: walimgeuza mwanawe mmoja mbwa mwitu, akamrarua nduguye, wakatumia matumbo ya mtoto huyo kumfungia baba kwenye mawe, nyoka juu yake anadondosha sumu. Mkewe Sigyn anakinga kwa bakuli. Likijaa anakwenda kulimwaga, na katika muda huo tone linamfikia usoni, anatikisika, na hilo ndilo waliloliita tetemeko la ardhi.

Mama Idrisa, umetumia neno rehani, na ni neno lenyewe. Rehani ikishindikana, mwenye kuishika anaichukua kwa haki. Mbwa mwitu hakumng'ata Tyr kwa ukali, alichukua chake. Naona Tyr alilijua hilo, ndiyo maana hadithi haisemi kwamba aliuvuta mkono.

---

Mama Idrisa (Aarhus)

Nawashukuru sana. Mwalimu, shikamoo. Abuu Salma, nimefanya kama ulivyosema, nilianza na hilo, akaitika, "Najua mama, hawa ni wa hadithi."

Jumamosi nilikuwa sina zamu, nikampeleka jumba la makumbusho la Moesgård, kusini ya mji. Kuna jiwe pale lililookotwa ufukweni Snaptun mwaka 1950, limechongwa yapata mwaka 1000. Lina uso wa mwanamume mwenye masharubu yaliyopinda, na midomoni kuna alama za mishono. Wanasema ni Loki. Na kazi ya jiwe, mwalimu, utafurahi: lilikingia mivukuto ya mhunzi isiungue, upepo ukipita katika tundu chini ya uso. Yule aliyemuuma mvuta mivukuto wamemweka mbele ya moto ailinde. Nililitazama muda mrefu. Mhunzi yule alikuwa na sura hiyo mbele yake kila siku ya kazi.

Njiani kurudi, ndani ya basi, nikamweleza Idrisa habari ya rehani, kwamba Tyr alidanganya na akalipa, na mbwa mwitu alichukua haki yake lakini kamba ilibaki miguuni. Akanyamaza vituo viwili vitatu. Kisha akauliza, "Sasa anakula nini? Tyr ndiye alikuwa anamlisha." Nikamwambia kilichoandikwa: walimpigilia upanga katika taya ili asifunge mdomo, mate yanamtiririka mpaka yamekuwa mto, na jina la mto huo ni Ván, maana yake matarajio. Hakuna anayempelekea kitu.

Tulipofika nyumbani akaitoa ile picha akaanza kuongeza. Nilipomaliza kuosha vyombo nikaenda kuitazama. Amemchora Tyr anarudi kisiwani alikofungwa mbwa mwitu, mkono wa kulia umekatika, na kwa wa kushoto ananyoosha pande la nyama. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, likanitoka: "Mwanangu, chakula hakitolewi kwa mkono wa kushoto."

Akaniangalia. "Lakini mama, ndio aliobaki nao."