Picha 63 za marehemu baba ziko chumbani Tukuyu. Nifanyeje zifike makumbusho?

Binti wa Fundi Rangi, Tukuyu

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, habari za huko.

Baba alifariki mwaka juzi, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea. Mliowahi kupita Tukuyu mjini mmeona kazi ya mkono wake bila kumjua: mabango ya maduka, milango ya malori, majina ya mahoteli madogo kando ya barabara ya Kyela. Watu walimwita Fundi Rangi. Usiku, taa ya chemli ikiwa juu ya kabati, alichora picha zake mwenyewe, na hizo hakumuuzia mtu.

Amechora wachuma chai waliojifunika mifuko ya nailoni kichwani, wazee wamezunguka chungu cha pombe ya kimpumu kila mmoja na mrija wake, mama akimenya ndizi, Daraja la Mungu kule Kiwira maji yamejaa. Nimezihesabu, ni 63. Nyingi ni hadibodi, chache plaiwudi, saba ni kitambaa cha amerikani alichokipigilia misumari kwenye mbao. Hakuwahi kununua rangi kwa ajili ya picha hizi. Alitumia masalia ya makopo ya kazi za watu. Mwaka aliopaka duka la dawa kijani, ndizi zake zote za mwaka huo ni kijani kile kile.

Mwezi uliopita alikuja mtu na gari aina ya Noah, akatazama kwa nusu saa, akasema anatoa milioni mbili kwa zote, abebe siku hiyo hiyo. Baba mdogo anataka tuuze kwa sababu paa linavuja. Kaka yangu aliyeko Dar anasema tugawane, kila mtoto achukue zake. Mama hasemi kitu, ila tangu siku ile amehamishia kitanda chake kwenye chumba cha picha.

Nilikwenda ofisi moja kuuliza. Nikaambiwa makumbusho ni ya vitu vya kale, siyo picha za fundi wa mabango. Nilitoka pale nikiwa nimeumia. Baba alikuwa na mkono, na mimi sitaki afe mara ya pili. Nianzie wapi? Na hizi kuvu nyeupe zilizoanza kwenye picha za chini, nazifanyaje?

Mzee wa Gangilonga, Iringa

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Habari yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya kupokea na kutunza vitu vya makumbusho kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyokwenda huko ndani.

Aliyekwambia fundi wa mabango hana nafasi amekosea. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya hadibodi, kwa rangi ya baiskeli. Akapigwa risasi na polisi Dar es Salaam mwaka 1972, walimdhania mhalifu. Uchoraji wake haukufika miaka mitano, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Sam Ntiro wa Machame, mwaka 1956, alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikaingia kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Basi wazee wa Rungwe na mirija yao wana haki ya kutazamwa vilevile.

Sasa sikiliza. Picha ikifika mezani kwetu, swali la kwanza siyo uzuri wake. Tunauliza: anayeileta ni nani, ana haki gani juu yake, imetoka mikono ya nani hadi mikono ya nani. Ukija na picha 63 huku ndugu wanavutana, hakuna atakayethubutu kusaini hati ya kupokea hata moja, maana kesho baba mdogo atakuja na barua ya wakili. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, wote wasaini, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Picha ziandikwe kama mali ya marehemu, zisisahaulike nyuma ya ng'ombe na migomba. Ukimaliza hilo umemaliza nusu ya safari.

Nusu nyingine ni daftari. Nunua lile kubwa la jalada gumu. Kila picha ipe namba, na namba hiyo iandike nyuma kwa penseli laini, kwenye kona. Kalamu ya wino hapana, maana wino hupenya. Pima kimo halafu upana kwa sentimita. Andika imechorwa juu ya nini, nyuma pana maandishi gani, imeharibika wapi. Piga picha mbele na nyuma, nje kwenye kivuli, siyo kwenye jua kali wala kwa mwanga wa simu. Nyuma ya picha watu hupasahau, na mara nyingi huko ndiko kuliko na habari zaidi.

Uliposema habari ya kijani cha duka la dawa nilisimama nikaweka miwani chini. Mwanangu, umeshika kitu ambacho wataalamu wengi hawapati kwa mchoraji asiyeandika tarehe. Kama rangi ya picha ni masalia ya kazi fulani, na kazi ile ina mwaka, basi picha ina mwaka. Nenda kwa wenye maduka. Uliza nani alimwita baba yako, lini, alilipwa nini. Wazee wengine bado wana risiti, wengine wana picha ya familia mbele ya duka siku ya ufunguzi. Kila jibu liandike mbele ya namba ya picha, na jina la aliyekueleza, na siku aliyokueleza.

Usidhani nakusumbua kwa makaratasi. Mimi ni Mhehe. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Wajerumani, lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Likarudi Kalenga mwaka 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda kulitafuta Bremen, Ujerumani, alikuta mafuvu mengi mno, na kilichomwezesha kupunguza hesabu ni kumbukumbu za vipimo na za mahali yalikotoka. Miaka 35, na mwishowe maandishi ndiyo yaliyofungua njia. Kitu kisicho na maandishi kinalala stoo hata kama ni cha mfalme.

Kwa mahali pa kuanzia, njoo hapa Iringa. Boma la zamani la Wajerumani ni makumbusho tangu 2016, na linashughulikia tamaduni za Nyanda za Juu Kusini zote, siyo Uhehe peke yake. Usiende na maneno "naomba mzichukue". Nenda na daftari, na picha kumi ulizochagua, uombe maonyesho ya muda kwa mkataba wa kuazima. Watu wakishazitazama, ndipo mazungumzo ya kuzipokea moja kwa moja yanapokuwa na uzito, hapo na hata Makumbusho ya Taifa Dar.

Mama Fremu, Mwanjelwa

Pole mdogo wangu, ndaga fijo (asante sana) kwa kumpenda baba yako hivyo. Mimi natengeneza fremu hapa Mwanjelwa, najibu la kuvu.

Usizianike juani! Hadibodi itajikunja na rangi itapasuka. Usifute kwa maji ya sabuni, usifute kwa spiriti, na mtu asikudanganye kupaka vanishi ili "zing'ae". Vanishi juu ya kuvu ni kufunga ugonjwa ndani. Zenye kuvu zitoe, ziweke peke yake chumba kikavu chenye hewa, zisigusane. Kuvu ikishakauka ikawa kama vumbi, na rangi haibanduki, ipunguze kwa brashi laini kavu, ukiwa nje, umefunga kitambaa puani. Ikiwa rangi inabanduka usiguse kabisa, subiri mtaalamu.

Zilizobaki zinyanyue. Tofali chini, mbao juu, picha zisimame kama vitabu, ziachane na ukuta kiasi cha shubiri. Zifunike kwa shuka la pamba lililofuliwa likakauka. Nailoni hapana, kwa mvua ya Tukuyu nailoni inatoa jasho usiku kucha. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho. Mchwa nao, kagua miguu ya mbao kila Jumamosi, na zile saba za amerikani misumari iache ilivyo hata kama ina kutu.

Mama yako aliyehamishia kitanda humo, msimwondoe. Ndiye mlinzi. Ila mumpe blanketi la pili, dirisha likiwa wazi kuna baridi.

Mwalimu, Vwawa

Naongeza kisa kimoja, maana kinafanana na chako.

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alikufa Julai 1890. Mdogo wake Theo, aliyekuwa akizitunza picha zake, akafa Januari 1891. Picha mamia zikabaki kwa mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger, mwenye mtoto mchanga. Alishauriwa aachane nazo. Yeye akazibeba hadi mji mdogo wa Bussum, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate kula, akatundika picha ukutani. Jioni alisoma barua ambazo Vincent alimwandikia Theo na kuzipanga. Mwaka 1905 akafanya maonyesho makubwa Amsterdam, zaidi ya kazi 400. Mwaka 1914 akazichapisha zile barua. Mwaka 1924 akakubali, kwa shingo upande, kuuza moja ya picha za alizeti kwa ajili ya makumbusho ya taifa ya London. Akafa 1925. Jumba la Van Gogh pale Amsterdam likafunguliwa 1973, juu ya zile ambazo familia haikuziuza.

Kuhusu kukataliwa, usivunjike moyo. Mchoraji Hilma af Klint wa Uswidi alikufa 1944. Mwaka 1970 kazi zake zilitolewa bure kwa makumbusho ya Moderna Museet ya Stockholm, wakazikataa. Mwaka 2013 makumbusho yale yale yakamfanyia maonyesho makubwa.

Ila hapa natofautiana kidogo na mzee wetu. Paa linavuja leo. Jo aliuza. Aliuza chache, kwa watu aliowachagua, ili zilizobaki ziwe salama. Dada, hata picha tatu zikiuzwa kwa bei ya haki mabati yatapatikana, na baba mdogo atatulia.

Mzee wa Gangilonga, Iringa

Mwalimu, kuuza nakubali. Kuuza kabla ya daftari ndiyo hasara. Binti akishaandika zote 63, hata ile inayouzwa itabaki na namba yake, kipimo chake, na jina la aliyeinunua, ili siku ya maonyesho aombwe aiazime. Na kwenye karatasi ya mauzo andika kwamba anayenunua ananunua picha, siyo haki ya kuichapisha. Haki hiyo ni ya warithi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaweza kukueleza namna ya kuisajili. Mwenye Noah asipewe hata moja. Mtu anayetaka zote siku hiyo hiyo bila kuuliza jina la mchoraji hakuja kwa ajili ya baba yako.

Kijana wa Ipinda, Kyela

Dada, samahani kukatiza. Kwa marehemu babu yangu hapa Ipinda kulikuwa na duka, na ukuta wa ndani umechorwa ziwa, mitumbwi na milima ya Livingstone kwa ng'ambo. Tangu nikiwa mdogo ipo. Chini kwenye kona kuna kopo dogo lenye brashi ndani yake. Baba yako alikuwa anasaini hivyo?

Binti wa Fundi Rangi, Tukuyu

Kopo lenye brashi! Ndiyo, ndiyo sahihi yake, zote 63 zinayo. Kaka yangu, nimelia hapa dukani watu wakanishangaa.

Wazee wangu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniagiza. Kikao cha ukoo kimekaa. Baba mdogo alikuja amekunja uso, mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akasema, "Huyu mtu alikula ugali na dagaa miaka arobaini asiuze hata moja, nyie mnataka kuuza kabla arobaini haijasahaulika." Kaka alisikiliza kwa simu. Wote wamesaini, nimependekezwa niwe msimamizi, mahakamani tunaitwa mwezi ujao. Picha mbili zitauzwa kwa ajili ya mabati, na mama ndiye atakayezichagua. Zenye kuvu ni tisa, ziko chumba cha mbele, na Mama Fremu, blanketi la pili limenunuliwa.

Daftari limefika namba 41. Mwenye duka la dawa ni bibi sasa, amenionyesha ubao wa nyuma ya kaunta ambao haujapakwa upya, kijani kipo bado. Anasema baba alipaka mwaka 1987, mwaka aliojifungua mwanawe wa pili. Kwa hiyo ndizi zote za kijani kile, picha tano, nimeziandikia 1987, jina la bibi na tarehe ya mazungumzo yetu. Ile ya mama akimenya ndizi ni mojawapo. Mama mwenyewe hakuwa anakumbuka mwaka. Nilipomwambia akasema, "Basi hapo nina mimba yako." Nimeandika na hilo.

Kijana wa Ipinda, ukuta huo unaendeleaje?

Kijana wa Ipinda, Kyela

Ndiyo maana nimeandika leo dada. Mjomba amepangisha duka, na mpangaji anataka kupiga lipu upya Jumatatu.

Binti wa Fundi Rangi, Tukuyu

Mwambie mjomba shikamoo yake naileta mwenyewe. Napanda gari la kwanza kesho asubuhi, nakuja na futi kamba, daftari na simu yenye kamera nzuri. Mwombeni mpangaji asiguse ukuta mpaka nifike, na kama kuna mzee hapo anayekumbuka mwaka uliochorwa, tafadhali asiende shamba.