Ati "hiyo ni hewa tu bosi"!! HEWA???

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, vioo chini, jasho linadondokea simu. Yule fundi mnamjua. Usijifanye humjui, ni yule yule anayekaza nati huku anabishana na simu.

AC ilikuwa haitoi baridi. Ikapimwa: geji inasema gesi ipo ya kutosha, kompyuta ya gari inasoma karibu na sifuri. Yaani sensa ya presha inadanganya, kompresa (ile pampu ya gesi ya AC) inakatazwa kuwaka. Kazi ndogo! Kuna magari sensa yake imekaa juu ya vali, unaifungua bila gesi kutoka. La kwangu halina, kwa hiyo gesi inavutwa kwanza kwa mashine. Jamaa kachukua spana, kazungusha sensa hivyo hivyo. PSHHHHHHHHH! Ukungu boneti nzima, mteja mwenzangu kakimbia akaacha kiatu. Namtazama fundi, ananitazama, ati "hiyo ni hewa tu bosi."

Gesi yangu ya AC, R134a, yote!! Hewa!

Kafunga sensa mpya na oringi (kile kipira cha kuzibia) ile ile kuukuu. Kompresa kimya. Akasema "sensa mpya nayo mbovu." Mbovu wapi, si inasema kweli kwamba mfumo mtupu? Hewa tu bosi. HEWA.

Babu Spana: Ashukuru haikumpata mkononi, ile inagandisha ngozi.

Kiti cha Mbele: Mkuu na wewe ulisimama unaangalia tu? 😂 Umelipia upepo.

Mleta uzi: Nilikuwa nimemshikia tochi!!

Kiti cha Mbele: Kumbe ulimmulikia 😂😂

Mama Gia: Afadhali wewe. Mimi kanibadilishia kompresa nzima, kumbe ni waya wa soketi ya hiyo hiyo sensa umeoza. Kompresa ya zamani ati "imepotea".

Kiti cha Mbele: Haijapotea, imehamia gari jingine.

Babu Spana: Mafundi wa AC mnawaonea. Wa umeme ndio majanga. Wangu katengeneza honi, sasa nikiwasha indiketa wipa zinafuta.

Vioo Chini: Wipa!! 😂 Langu nikikanyaga breki redio inazima.

Mleta uzi: Jamani GESI YANGU

Mama Gia: Vioo Chini, hapo waya wa hasi haujashika bodi. Taa za nyuma nazo zinafifia?

Vioo Chini: Enhe! Umejuaje?